Mkanda wa Chuma

Gereji ilikuwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara ya Webuye kwenda Kitale, ukishapita Lugulu kuelekea Misikhu. Fundi alilegeza nati ya chini ya giaboksi kwa spana, akaimalizia kwa vidole, kisha akautoa mkono upesi. Oili ikamwagika kwenye karai. Ilikuwa nyeusi, na harufu yake ilikuwa kama ya maharagwe yaliyokaukiwa maji jikoni. Alipofungua sinia ya chini, zile sumaku ndogo zinazokaa ndani yake hazikuonekana. Zilikuwa zimezibwa na tope la kijivu, laini kama masizi yaliyokorogwa na mafuta. Alilichota kwa kidole, akalipaka kwenye kiganja cha mwenye gari. Likang'aa juani. Kilikuwa chuma kilichosagika.

Mwenye gari ni mwalimu, jirani yangu wa miaka mingi. Gari alilinunua kwa mkopo wa Sacco, na siku hiyo makato ya mshahara yalikuwa yamebaki miezi 31. Alikuwa amesimama na kiganja wazi, hajui ajifute wapi.

"Fundi," nikamwuliza, "ulipobadilisha oili mwezi wa pili, uliweka ipi?"

"Ile nyekundu, mzee. Ya otomatiki." Akanitazama kama niliyemtega. "Kwani gari si otomatiki?"

Hakuwa na hila yoyote. Aliona kishikio kimeandikwa P, R, N, D, akaweka oili ya otomatiki. Hata mwenye gari angefanya vivyo hivyo. Lakini ndani ya giaboksi ile hamkuwa na gia za otomatiki kama alizozizoea. Mlikuwa na mkanda wa chuma na puli mbili, na oili ile ilimaliza mkanda kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Tangu siku hiyo nimesikia ikisemwa mara nyingi, Webuye, Kimilili hadi Kitale, kwamba magari ya CVT, yaani yenye giaboksi ya mkanda kama ile, ni mabovu, mtu asiyaguse. Ninaelewa uchungu unaosema hivyo, kwa kuwa giaboksi iliyokufa hula akiba ya mwaka mzima. Lakini kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumwokoa mtu.

Kila aliyewahi kusubiri unga kwenye kinu cha posho anaijua CVT, ila hajaambiwa. Injini ya dizeli iko huku, kinu kiko kule, katikati unapita mkanda wa mpira juu ya puli mbili. Puli ya injini ikiwa ndogo na ya kinu ikiwa kubwa, kinu huzunguka polepole lakini kwa nguvu. Ukizibadilisha, mwendo huongezeka na nguvu hupungua. Sasa fikiria puli zinazoweza kunenepa na kukonda zenyewe huku zinazunguka. Kila puli ni sahani mbili zenye umbo la pia, zimeelekeana. Zikisogeleana, mkanda hupandishwa ukingoni na puli inakuwa kubwa. Zikiachana, mkanda huzama karibu na mhimili na puli inakuwa ndogo. Puli moja inapanuka, mwenzake anakonda kwa kiasi kilekile. Hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna mwendo mmoja unaobadilika bila kukatika, na injini huachwa izunguke pale inapotumia petroli kidogo zaidi. Hiyo ndiyo sababu Wajapani waliipenda, na ndiyo sababu gari dogo la CVT likitunzwa hunywa mafuta kwa kijiko.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mholanzi Hub van Doorne alilionyesha hadharani mwaka 1958 ndani ya gari dogo liitwalo DAF 600, likiwa na mikanda ya mpira. Mpira ulikuwa na kikomo chake, basi kampuni iliyozaliwa kutokana na kazi yake mwaka 1972, Van Doorne's Transmissie, ikatengeneza mkanda wa chuma. Kufikia 1987 mkanda huo ulikuwa ndani ya Subaru Justy, na Ulaya ndani ya Ford Fiesta na Fiat Uno. Mwaka 1995 kampuni hiyo ikanunuliwa na Bosch. Mkanda unaopanda nao mlima kwenda Kitale leo ni mjukuu wa kazi ya mji wa Tilburg.

Na si mkanda kama wa kinu. Umeungwa kwa vipande vya chuma vyembamba karibu 400, vimepangwa kama vitabu rafuni, vikashikwa pamoja na pete nyembamba za chuma zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Mkanda wa kinu huvuta. Huu husukuma: kipande kinakisukuma kipande, mpaka nguvu ifike puli ya pili. Ukiushika mkononi unapindika kama mkufu, nao ndio unaobeba gari zima na mizigo yake.

Kinachoshikilia mkanda huo usiteleze ni mgusano wa chuma kwa chuma ukingoni mwa kila kipande, ukibanwa kwa presha ya oili. Hapo ndipo siri ya CVT ilipo. Oili yake inaamriwa kufanya kazi mbili zinazogombana: ilainishe chuma kisilike, na papo hapo ikiwezeshe chuma kung'ang'ania chuma. Oili ya otomatiki ya kawaida haikutungwa kwa kazi hiyo. Ukiitia, mkanda huteleza kidogo tu, mara chache tu, na kila ukiteleza huchora mchirizi kwenye uso wa puli. Mwenye kinu cha posho anaijua hali hii. Mkanda ukianza kuteleza, puli hung'aa, na puli ikishang'aa mkanda hauishiki tena hata ukazwe vipi. Kwenye kinu utanunua mkanda mpya. Kwenye CVT puli iliyochorwa huwa ndio mwisho wa giaboksi, na fundi atakwambia utafute nyingine, ex-Japan.

Nimewasikia madereva wakilaumu chapa, na kuna mahali wana haki. Nissan, wanaotumia giaboksi za JATCO, walifika mahali pa kuongeza dhamana ya CVT zao kule Marekani: magari ya miaka ya 2003 hadi 2010 yalitolewa kutoka maili 60,000 hadi maili 120,000, au miaka 10. Kampuni haiongezi dhamana mara mbili kwa kitu kisicho na tatizo. Kwa upande mwingine, Toyota Corolla Fielder ilitoka na CVT tangu 2006, na magari hayo yamezagaa Bungoma na Trans Nzoia nzima, mengine yakiwa yamepita mikono mitatu, na bado yanakwenda. Kwa hiyo neno CVT peke yake halitoshi kukutisha wala kukutuliza. Subaru, walioanza yao ya Lineartronic mwaka 2009, wanatumia mnyororo badala ya mkanda. Nissan Note ya 2012 ina mkanda pamoja na kigiaboksi kidogo cha hatua mbili pembeni. Toyota Aqua na Prius huitwa CVT pia, ilhali ndani yake hamna mkanda kabisa. Ni gia za kawaida zinazocheza na mota za umeme, na ugonjwa ninaoueleza hapa hauzihusu. Mtu akikuuzia gari kwa kusema tu ni CVT, bado hajakwambia kitu.

Lakini suala la chapa si kubwa kama suala la umri, na hapa ndipo ninapoona watu wetu wakiumizwa bila kujua.

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa limezidi miaka minane. Kwa sheria hiyo, gari lililoshushwa Mombasa mwaka 2025 ni la kuanzia 2018. Sisi wanunuzi wa mashinani hununua lile la bei nafuu, yaani lile lililo ukingoni mwa umri huo. Huko lilikotoka, giaboksi nyingi za CVT huuzwa na maelezo kwamba oili yake ni ya maisha. Swali la kuuliza ni maisha ya nani. Mwenye gari wa kwanza, Mjapani anayeendesha kwenye lami ya mjini na kuliuza baada ya miaka saba, maisha yake na gari hilo yameishia pale. Oili ilitosha maisha yake. Yetu yanaanza oili ikiwa imezeeka, na mara nyingi haijawahi kuguswa hata siku moja. Joto hulainisha oili mpaka ikawa nyepesi, uwezo wake wa kung'ang'aniza chuma hupungua, na vumbi la chuma linaloelea ndani yake huziba vijitundu vya valvu zinazopima presha. Hivyo gari linafika Lugulu likiwa limeng'arishwa, lina harufu ya upya, na kisomeo cha kilomita kinaonyesha namba ndogo ambayo hakuna anayeweza kuiapia. Ndani, giaboksi inasubiri mlima wa kwanza.

Tena uchaguzi umepungua. Toyota Probox ya zamani, ile iliyotoka 2002, ilikuwa na otomatiki ya gia nne au gia za mkono za hatua tano. Agosti 2014 Toyota ikaibadilisha, na tangu hapo Probox ya petroli imekuwa CVT tupu. Piga hesabu na sheria ya miaka minane: tangu Januari 2022 hakuna Probox ya kigiaboksi cha zamani inayoingia nchini. Madereva wa barabara ya Kitale walibadilishiwa mashine ndani ya bodi ileile, kwa jina lilelile, na hakuna aliyewaita kuwaeleza.

Na Probox kwetu inafanya kazi gani? Kila apitaye Misikhu, Kamukuywa au Kiminini anajua. Toyota wameikadiria Probox kubeba watu wawili na kilo 400 za mzigo, au watu watano na kilo 250. Hesabu ya Kijapani humpa kila mtu kilo 55, hivyo jumla haizidi sana kilo 520. Sasa tuhesabu safari ya kawaida ya kwetu: watu kumi wa kilo 65 ni 650, na magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 nyuma ni 180. Hiyo ni 830. Gari limebeba zaidi ya kilo 300 juu ya kiwango chake, halafu linapanda kutoka Webuye, kama mita 1,500 juu ya bahari, hadi Kitale, karibu mita 1,900.

Otomatiki ya zamani ililalamika na kuvumilia. CVT haivumilii namna hiyo, na sababu inaonekana ukirudi kwenye puli. Gari linapong'oka kutoka kituoni, mkanda huwa umezama kabisa kwenye puli ya injini, umejipinda mpindo wake mkali kuliko wote, na nguvu inayoupitia ndiyo kubwa kuliko zote. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Mwaka 2018 Toyota walianza kutoa CVT yenye gia halisi ya kung'olea gari, ili mkanda uingie kazini gari likiwa tayari linatembea. Kwenye Probox mkanda unabeba mzigo wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Matatu inayosimama kila mita 300 kushusha na kupakia hurudia dakika hiyo ngumu mara nyingi kati ya Webuye na Misikhu pekee.

Kuna jambo dogo lenye madhara makubwa. Oili ikichemka kupita kiasi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ya injini ili kuiokoa giaboksi. Dereva huona gari limekuwa zito mlimani, naye hukanyaga zaidi. Gari linaomba kupumzishwa na yeye analichapa. Ukiona hali hiyo, kaa pembeni, acha injini izunguke bila mzigo kwenye P, upoze dakika kumi au kumi na tano. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike.

Kisha kuna tope. Mvua za Aprili zikishika njia za kupanda Mlima Elgon, gari dogo hukwama, na kwetu lililokwama huvutwa na trekta. Nimeona mambo mawili yakifanyika hapo ambayo yote mawili ni sumu kwa CVT. La kwanza ni kukanyaga mpaka magurudumu yanazunguka hovyo topeni, kisha ghafla yanashika ardhi ngumu. Ule mshtuko hurudi moja kwa moja kwenye mkanda, nao huteleza. La pili ni kulifunga gari kamba na kulikokota injini ikiwa imezimwa, magurudumu ya mbele yakizunguka chini, kutoka shambani hadi gereji ya mjini. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa hakuna oili inayofika kwenye mkanda na beringi, na kilomita chache za kuvutwa hivyo zinaweza kumaliza kilichokuwa kizima. Lichomoe topeni kwa trekta, sawa. Kutoka hapo liinuliwe magurudumu ya mbele au lipakiwe juu ya lori. Wala usipoteze nguvu za vijana wa mtaa kulisukuma liwake. CVT haiwashiki kwa kusukumwa.

Niseme sasa kuhusu kusikiliza, maana hapa mafundi wengine wamewatisha watu bure. CVT nzima ina sauti yake. Ukikanyaga, injini hupandisha mlio na kuushikilia hapo, huku gari likiongeza mwendo polepole chini yake. Aliyezoea gia za kawaida husema inateleza. Haitelezi, ndivyo ilivyoundwa. Yenye ugonjwa husikika tofauti: mlio huruka ghafla na gari lisiongeze chochote, au gari hutetemeka kama linalopita juu ya mawe madogo kwenye mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, au unasikia mlio mwembamba kama king'ora unaopanda na kushuka na mwendo. Na ukiingiza D au R gari likasubiri sekunde mbili, tatu, kabla ya kushika, presha ndani si ya kuaminika tena.

Ukienda kununua gari lililotumika hapa nchini, liendeshe likiwa na joto. Giaboksi baridi huficha maradhi. Mwombe muuzaji mpande nalo mlima wowote mkiwa watu wanne, msimame katikati ya mlima, mng'oke tena taratibu. Muuzaji mwenye gari zima hatakataa. Kisha uulize oili ilibadilishwa lini na kwa jina gani, na jina hilo liwe na chapa kamili: Toyota wana TC na FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HMMF na HCF-2. Namba hizo huandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye giaboksi yenyewe. Hazibadilishani kwa kubahatisha, na rangi ya oili si kitambulisho, kwani oili mbili zenye rangi moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Kwa fundi nina maneno mawili, na nayasema kwa heshima, maana mafundi wa barabara hii wamelea magari ya nchi nzima. CVT nyingi za Toyota hazina kijiti cha kupimia oili. Kiwango hupimwa injini ikizunguka, oili ikiwa kwenye joto lililowekwa na kiwanda, kwa kufungua nati ya ziada na kuangalia oili inavyodondoka. Ukipima gari likiwa baridi utajaza kupita kiasi; ukipima likiwa limechemka utapunja. Pili, oili inayotoka kwa kufungua nati si yote. Karibu nusu hubaki ndani. Ikiwa iliyotoka ni nyeusi, rudia zoezi baada ya wiki chache, na usafishe zile sumaku.

Mimi hubadilisha yangu kila kilomita 40,000. Wapo watakaoona ni mapema mno. Mizigo yetu, milima yetu na vumbi letu vyote vinaingia kwenye kile ambacho vitabu vya magari hukiita matumizi mazito, na kwa matumizi mazito maneno ya oili ya maisha hayana kazi.

Mwalimu alinunua giaboksi nyingine ya kutoka Japani. Alikuja na chupa nne za oili yake mwenyewe, namba zikiwa zimeandikwa juu, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe mpaka ya mwisho ikamiminwa. Fundi alisoma namba kwenye chupa kwa sauti, akaenda kuzisoma tena kwenye kitabu cha gari, zikalingana. Siku hizi kuna karatasi imebandikwa ukutani kwa gereji ile, imeandikwa kwa kalamu nzito: gari, mwaka, oili. Mwenye gari la CVT ambaye hajui namba ya oili yake apite pale, au aende kwa fundi yeyote mwenye karatasi kama ile, kabla hajapakia mzigo wa kwanza.